Wimbo Niliokwambia Nimeusahau

Syombua, mwaitu,

Wewe na mama yako mmeteremka Kikima kutafuta soksi nzito, na mimi nimebaki na nyumba. Ni saa tisa mchana. Kesho saa kama hii utakuwa umeshapita pale uwanja wa ndege ambapo sisi wasindikizaji huzuiliwa. Mambo ya koti, pasipoti, dawa ya kifua na mtu wa kukupokea Budapest, mama yako ameyasema mara nne. Nimehesabu. Kwa hiyo sitayagusa.

Nimehesabu na kitu kingine. Tangu ile Jumamosi ya kanisani ni siku ishirini na tatu. Katika siku hizo, mimi baba yako umeniambia "Nau, umeamkaje", umeniambia "chakula kiko mezani", na juzi ukaniambia "asante" nilipokushikia ngazi. Basi. Fundi mgeni akija kufanya kazi hapa siku moja huwa unamsemesha zaidi ya hapo. Silalamiki. Hapana, hiyo si kweli, ninalalamika, lakini hiyo siyo sababu ya barua.

Sababu ni swali uliloniuliza mwezi wa nne. Nilikuwa nyuma ya nyumba napiga plasta ya ndani ya tangi, nimeinama kichwa kimeingia, na wewe ukaja ukasimama juani na lile daftari lako la muziki, la mistari mitano mitano.

"Nau, ule wimbo wa Susu. Wa mama anayerudi kutoka shambani. Unaukumbuka?"

"Wimbo gani?"

"Si ule wa mlangoni! Watoto wamejifungia, mama anaimba ndio wajue ni yeye. Hadithi ninayo yote, Nau, lakini Susu akifika kwa wimbo alikuwa anakatisha. Ati huo ni wa watoto wanaolala kwake. Na mimi sikuwahi kulala kwake."

"Nimeusahau."

"Hata mwanzo? Hata niimbie vibaya, nitarekebisha."

"Mwaitu, simiti hii ikikauka kwa ndoo, ni wewe utakuja kuibandua?"

Ukacheka. Ukaenda. Nami nikabaki ndani ya lile tangi, na tangi tupu lina mwangwi, na nitakwambia ni nini kilikuwa kinanizunguka humo kichwani. Ulikuwa wimbo wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na sauti zake mbili. Sijausahau hata siku moja. Nilikudanganya.

Nataka ujue kwa nini. Na kwa kuwa kueleza kwa nini lazima nianze na hadithi yenyewe, nitaisimulia hapa, mchana huu, ingawa wewe unajua na mimi najua kwamba Susu yako, mama yangu, hakuwahi kufungua mdomo kwa hadithi kabla jua halijazama. Alikuwa akisema anayesimulia mchana hupoteza mama yake. Wangu nilishampoteza. Sina la kuogopa tena upande huo.

Mama mmoja alikuwa na watoto, na karibu na kwake kulikuwa na zimwi, eimu, lenye mguu mmoja na kiu ya watoto. Kila asubuhi akienda shambani huwafungia ndani na kuwaambia wasifungue mpaka wausikie wimbo wake. Zimwi likajificha, likausikia wimbo, likaja kuimba. Lakini koo lake lilikuwa nene kama gurudumu la mkokoteni. Watoto wakalicheka kutoka ndani: "Wewe si mama! Enda ukanyooshe hilo koo!" Zimwi likaenda kwa mhunzi. Mhunzi akalinyoosha koo kwa chuma cha moto mpaka likawa laini. Likarudi, likaimba, na mlango ukafunguliwa.

Hiyo ndiyo uliyoichukua ukaifanya muziki wa fidla mbili, viola na selo. Nimeona karatasi zake mezani, sehemu nne, dakika ishirini na mbili. Ulipotuchezea vipande vyake kwa simu, mama yako alisema ni kama paka wamepanda paa. Mimi niliisogeza simu sikioni. Nilikuwa nimelijua zimwi pale pale, kwa zile nyuzi nzito za selo yako. Lilikuwa linatembea kwa mguu mmoja, pigo moja, pengo, pigo moja, pengo. Nililihesabu. Ulikuwa umelipatia.

Sasa hebu nikwambie mimi ni nani katika hadithi hiyo.

Nilizaliwa Tseikuru, na unajua nyumba yetu ilivyokuwa kwa sababu nimekuonyesha mawe yaliyobaki. Baba alikufa nikiwa na miaka minne. Mama alikuwa na shamba mbali, upande wa mtoni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na hivyo hivyo kurudi. Hakuwa na wa kuniachia. Fisi walikuwepo na watu wa kuiba mifugo walikuwepo. Basi aliniacha ndani na komeo la mti, na akirudi aliimba ule wimbo. Wewe uliusikia kama hadithi, mwaitu. Kwangu ulikuwa ufunguo. Nimekaa gizani ndani ya nyumba ile nikihesabu, kwa sababu nilitambua kwamba nikihesabu polepole mpaka elfu moja mara tisa, mama hufika. Huko ndiko nilikojifunza hesabu. Sikufundishwa na mwalimu.

Niliacha shule darasa la saba. Nilikuja Mbooni na mwiko mmoja na pima maji iliyovunjika kioo. Leo hii ukisimama pale juu kanisani ukitazama vilima, kila bati linalong'aa lenye tangi pembeni, matatu kati ya manne nimeyajenga mimi kwa mikono hii. Matangi mia sita na kumi na mawili. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Ndugu za baba yangu walikuwa hai wote na hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Nakwambia hivyo si ili unihurumie, ila ujue mtu aliyejijenga mwenyewe ana ugonjwa wake: hudhani kila kitu kinachosimama ni yeye amekisimamisha, na kila kinachotikisika ni haki yake kukibomoa.

Kanisa ndilo lililonipokea. Hilo sitalikana, hata leo. Nilikuwa fundi mchafu wa kulala kwa mjengo, na waliniita ndugu. Kwaya ndiyo iliyonifundisha kuimba besi, kisha nikasoma solfa mpaka nikawa naimba sauti yoyote. Walichukua sauti yangu ya kuita mbuzi wakainyoosha mwaka hadi mwaka. Nikampata mama yako huko, akiwa safu ya mbele ya sauti ya kwanza. Kwa hiyo ukisikia watu wakisema muziki wako umetoka Nairobi kwa yule mwalimu wako wa selo, usiwaamini kabisa.

Ukame ulipomaliza ng'ombe wa Susu nilimleta hapa. Nilimjengea chumba, mita tatu kwa tatu na nusu, na mlango wa mvule. Alikuja na mzigo mmoja wa nguo na ngoma. Ngoma ya kilumi, ile inayochezwa na akina mama wazee kuita mvua na kutuliza pepo. Alikuwa akiipiga hapo nyuma akiwa peke yake, polepole, kama mtu anayepasha mkono joto. Majirani wakaanza kuniuliza baada ya ibada, "Ndugu Kimanzi, kwako kuna nini?" Na wewe ulikuwa na miaka sita na ulikuwa umeanza kukimbilia kwake kila jua likishuka.

Nilichofanya ni hiki, na hujawahi kuambiwa. Nilipanga jioni zako kama ninavyopanga matofali, bila kuacha upenyo. Jumatatu kwaya ya watoto. Jumatano mafunzo ya Biblia. Ijumaa maombi. Siku zilizobaki, masomo ya ziada sebuleni mbele yangu. Nilijua Susu hasimulii mchana. Nilijua kwamba nikizichukua jioni zote, sihitaji kumkataza mtu yeyote chochote. Sikupiga kelele na sikugombana. Nilitumia desturi yake mwenyewe kumfunga mdomo, na nikajiona nina akili.

Ila mwezi mmoja wa nane nilienda Kalamba kujenga matangi, nikakaa siku kumi na tisa, na mama yako, Mungu ambariki, akakuacha ukae na Susu kila jioni mpaka saa mbili, kisha anakuchukua ulale kwetu asije akalaumiwa. Jioni kumi na tisa. Ndizo zote ulizowahi kupata. Kutoka kwa hizo umetoa muziki ambao wazungu wamekuitia ukasome. Nimejiuliza mara nyingi ungetoa nini kwa jioni elfu mbili nilizokunyima. Hiyo ni hesabu ninayoanza na kuiacha katikati.

Usidhani sikuipenda ile selo. Ulipokuja nayo mara ya kwanza kutoka shuleni, imefungwa kwa blanketi, nilikasirika na blanketi, si na selo. Nani anasafirisha kitu kama hicho kwa blanketi? Nilikutengenezea sanduku la plaiwudi usiku na mchana, nikalipaka vanishi mikono mitatu. Na ulipokuwa ukifanya mazoezi nilikuwa nazima mashine ya kuchanganya zege. Nilikuwa nasema inahitaji kupoa. Mashine haikuhitaji kupoa.

Sasa nafika.

Ulikuwa kidato cha pili, umeenda bweni. Susu alikuwa ameanza kupotea kichwani, siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiita kwa jina la kaka yake. Alikuwa anaipiga ngoma mchana kutwa. Na mimi wakati huo nilikuwa nimependekezwa kuwa mzee wa kanisa. Mchungaji aliniambia kwa upole, "Ndugu, nyumba yako kwanza." Tukakubaliana siku. Wakaja wanaume wanne wa maombi pamoja naye, watoe ile ngoma.

Susu aliwaona wakipanda njia. Akaingia ndani akaweka komeo.

"Mama, fungua."

"Nenda na watu wako."

"Mama, ni Kimanzi."

"Kimanzi ni mtoto. Wewe una ndevu, nimekuona."

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, tuusukume tu huu mlango, tumalize." Na hapa ndipo nataka unisome vizuri, kwa sababu watu wanapotenda ubaya mkubwa hudhani lazima sababu yake iwe kubwa. Sababu yangu ilikuwa mlango. Niliutengeneza mwenyewe, mvule wa inchi mbili, bawaba za chuma. Sikutaka uvunjwe. Nilifikiri: kuna njia ya kuufungua bila hasara.

Nikasogea karibu, nikaweka mdomo kwenye ufa, nikaimba.

Niliimba kwa sauti nyembamba, ile ya kwanza, niliyofundishwa kwaya. Niliimba kama yeye alivyokuwa akiniimbia mimi nikiwa ndani ya giza Tseikuru nimefika elfu moja mara ya tisa. "Ni mimi niliyekubeba, fungua." Nikabandika sikio kwenye mbao. Kisha nikamsikia mama yangu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akijibu kwa sauti ya mtoto, kwa sababu wimbo ule una jibu, mtoto huuliza kwanza: "Ulinibeba kwa mgongo gani?" Na mama aliye nje hujibu: "Huu wenye kovu la kuni."

Mwaitu, kovu lile lilikuwa la mama yangu kweli. Alianguka na mzigo wa kuni nikiwa tumboni. Mimi mgongo wangu hauna kitu. Nilisimama pale mlangoni nikamwambia mwanamke aliyenibeba kwamba mimi ndiye niliyembeba yeye, na nikautaja mgongo wake kuwa wangu. Na akafungua.

Wanaume wanne wakapita chini ya mkono wangu. Yeye alibaki ameshika komeo, ananitazama, na kichwa chake siku hiyo, katika dakika hiyo, kikawa kimerudi sawasawa. Akaniambia taratibu, bila hasira:

"Kumbe koo walikunyooshea kanisani."

Hakusema kingine.

Niliipima ile ngoma kabla haijachomwa. Usiniulize kwa nini, mkono wangu ulitoa futi wenyewe mfukoni. Urefu wake sentimita tisini na mbili, mdomo wake thelathini na moja. Mti wake uliungua kwa dakika arobaini, maana ulikuwa mkavu sana. Susu aliishi miezi saba baada ya hapo na hakusimulia hadithi hata moja, wala mchana wala jioni. Ulipokuja likizo ukaenda kwake ukarudi ukasema, "Nau, Susu amenyamaza," nikakujibu ni uzee. Mwezi wa pili baada ya ule moto nikawekwa kuwa mzee wa kanisa. Watu walileta keki.

Ndiyo maana nilikwambia nimeusahau. Sio kwamba niliona ni wimbo wa pepo. Niliimba mara moja nikiwa mtu mzima na nilikuwa zimwi.

Sasa ile Jumamosi. Nina langu la kusema pale, na nitalisema, kwa sababu sitaki barua hii iwe ya mtu anayejigaragaza. Uliniomba ukumbi wa kanisa, uwachezee watu wa nyumbani muziki wako kabla hujaenda. Nilikuombea mimi. Niligonga milango ya wazee sita. Niliweka viti mia moja na arobaini kwa mikono yangu. Halafu mwongoza ibada akasoma ile karatasi yako mbele ya watu: kwamba muziki huu ni wa bibi yako "aliyenyamazishwa na watu wake mwenyewe." Hukuniambia. Hukuniuliza. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele na tai shingoni. Sijui ulijua kiasi gani, au ulibahatisha, au mama yako alikudokezea. Lakini nilihisi watu wote mia moja na arobaini wakinitazama kisogo. Iliniuma. Bado inauma. Ungeniambia nyumbani, mwaitu, ningekataa, tungegombana, lakini ningekuwa nimejua.

Basi. Mkacheza, wewe na wenzako watatu. Ulipofika sehemu ya tatu ukaanza kuipiga selo ubavuni kwa kiganja, na nilijua mapigo yale, ni yale ya kilumi. Nyuma kule Mama Kalunde, yule mzee anayeuza ndizi, mabega yakaanza kumtikisika. Akasimama. Watu wakaanza kunong'ona. Yote hayo ningeyavumilia. Mchungaji mwenyewe alikuwa ametulia.

Halafu mkanyamaza. Nyote wanne, pinde zimeinuliwa juu ya nyuzi bila kugusa. Nikafikiri mmepotea. Nikaanza kuhesabu kama ilivyo kawaida yangu. Moja, mbili, tatu. Nilipofika nane nikaelewa. Zimwi lilikuwa mlangoni na ulikuwa umeacha nafasi ya wimbo, kwa sababu wimbo hukuwa nao. Ulikuwa umeliacha shimo wazi mbele ya watu, na hakuna mtu katika ukumbi ule aliyejua kinachoingia hapo isipokuwa mtu mmoja. Kumi. Kumi na moja. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka, Syombua. Pumzi nilikuwa nimeshaivuta. Sekunde moja zaidi ningeimba.

Nikasimama nikakushika mkono wenye upinde, nikasema kwa sauti kubwa, "Hapa si mahali pa mashetani."

Watu walidhani ni kwa ajili ya Mama Kalunde. Walinishika mkono baadaye, wakaniambia nimesimama imara. Wewe ulinitazama tu ukasema, "Nau, ilikuwa imebaki dakika nne." Wenzako wakafunga vyombo bila kunitazama. Mama Kalunde peke yake ndiye aliyenipita mlangoni akatema maneno yake: "Wee Kimanzi, hata mbwa huachwa amalize kubweka."

Nilikuwa nimeunyamazisha mdomo wa Syombua wa kwanza, na sasa mkono wa Syombua wa pili. Nimekuita mwaitu, mama yangu, tangu siku nilipokupa jina lake, kwa sababu ndivyo baba wa kwetu humwita binti aliyebeba jina la mama yake. Miaka ishirini na sita nimekuita hivyo bila kufikiri. Siku hizi ishirini na tatu, kila nikilitamka ninasikia komeo.

Sikuwa na nia ya kukupa mashauri, na niliyo nayo ni mawili tu, yote ya kununua kwa damu. La kwanza, mtu akikusifu kwamba umesimama imara, jiulize ulikuwa umesimama juu ya nani. La pili ni la kazi yako. Utakutana huko na watu watakaokunyoosha koo. Ni wazuri, wataipenda sauti yako, na kweli itakuwa laini zaidi. Mimi sijutii kunyooshwa. Ninajutia nilikokwenda kuitumia.

Bado ninaamini, kama unataka kujua. Jumapili nitakuwa kanisani. Sijui kama ngoma ile ilikuwa dhambi. Nilikuwa na uhakika zamani, sasa sina. Kuhusu mlango, hapo sina shaka yoyote. Na Jumapili hiyo nitaomba dakika tano baada ya matangazo niseme ni kwa nini nilisimama siku ile, kwamba haikuwa kwa ajili ya Mama Kalunde. Pengine watanivua uzee. Utakuwa mbali, hutasikia, na ndivyo ninavyotaka, isionekane nimefanya ili unione.

Sasa andika, au peleka macho yako kwa karatasi ya mwisho, nimeuandika kwa solfa safi, ufunguo wowote unaopenda. Hapa naweka kwa ufupi. Sauti ya nje: s, s, l, s, m, halafu m, r, d, inakaa hapo. Inarudiwa mara mbili, na ya pili inashuka mpaka l ya chini. Mapigo ni saba, kisha matano, usiyasawazishe, mama alikuwa anaimba akipanda kilima na pumzi zilikuwa hazitoshi. Sauti ya ndani, ya mtoto: d, r, m, m, f, m, swali, haifungi. Kisha ya nje inajibu kwa r, r, d. Baada ya hapo hakuna wimbo tena, kuna sauti ya komeo.

Ukiziweka ndani, weka zote mbili. Watu hukumbuka ya nje tu. Ya ndani ndiyo niliyoimba mimi miaka yangu ya kwanza duniani, na ndiyo niliyomsikia nayo mama yangu akiimba kwa mara ya mwisho. Na ukiona ni bora liachwe shimo lile lile na pinde hewani, liache. Utajua wewe. Sitauliza.

Ninasikia mlango wa gari kule barabarani, nadhani ni nyinyi, kwa hiyo namaliza.

Kesho kabla ya alfajiri nitakuja kwa chumba chako nibishe mara moja. Sitaimba na sitaita jina. Ukiwa hutaki kufungua, usifungue, na usijisikie vibaya. Nitaipitisha barua chini ya mlango. Kuna nafasi ya milimita nane pale chini. Inatosha karatasi hizi, nimezipima.

Nau